Tangawizi nyekundu ya maua: tunza tunguu, ua litakuja

"Mama, lile ua ulilonipa linakufa. Nimelikosea nini?"

Hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo hapa kwenye banda langu la miche, Goba, Dar es Salaam. Nikidadisi naambiwa habari ileile: ua liliwaka wekundu kwa wiki kadhaa, kisha likageuka rangi ya kahawia, na majani ya shina lake yakaanza kuwa njano kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi mteja hajakosea kitu. Shina limetoa ua lake, kazi yake imekwisha, linakufa. Pembeni yake, chini ya udongo, kuna macho mengine yanajiandaa kuchomoza. Anayelijua hilo hukata shina kuukuu na kuendelea kumwagilia. Asiyelijua hung'oa kichaka kizima akakitupa jalalani, na roho huniuma kila nikisikia, maana mashina mapya yalikuwa njiani.

Kwa hiyo kabla hatujashika jembe, tuuelewe mmea.

Naongelea tangawizi nyekundu ya maua, ambayo wataalamu huiita Alpinia purpurata na sisi wauza miche tunaiita jinja tu. Umeiona kwenye bustani za hoteli za ufukweni na kwenye meza kuu kumbini: mashina marefu kumpita mtu, majani marefu yanayong'aa, na kichwa chekundu kileleni. Ukoo wake ni ule wa viungo vya jikoni. Tangawizi ya chai inayolimwa kule Same, iliki ya Amani na milima ya Uluguru, manjano tunayotia kwenye mchuzi, zote ni jamaa zake. Kwangua tunguu lake utasikia harufu ya ukoo huo. Lakini usilitie kwenye sufuria ya chai. Hii hupandwa kwa ajili ya macho.

Ukiwa umewahi kutunza mgomba, nusu ya kazi unaijua tayari. Mgomba na tangawizi ni ndugu wa mbali, wataalamu wa mimea wamewaweka katika oda moja, na tabia zao zinafanana sana. Kile tunachokiita shina ni ala za majani zilizokumbatiana. Mmea wenyewe uko chini. Mgomba hutoa mkungu mmoja, ukakatwa, mtoto akashika nafasi ya mama, na mjukuu anafuata nyuma. Tangawizi hii nayo kila shina hutoa kichwa kimoja cha ua kileleni, basi. Chini kuna tunguu linalotambaa karibu na uso wa udongo, na pingili zake zina macho. Jicho likipata maji, joto na chakula, huchomoza, hurefuka, na baada ya miezi kadhaa hutoa ua lake na kumaliza. Unachokilea wewe ni tunguu. Ua ni zao la tunguu lililoshiba.

Hapo ndipo linapotokea kosa ninalolikuta kwenye nyumba nyingi za Mbezi Beach na Mikocheni, nyumba zenye watunza bustani hodari kabisa. Kijana anapewa mkasi, anaambiwa asawazishe bustani. Anapunguza michongoma, anapunguza ukoka, kisha anaifikia tangawizi na kuikata vichwa ili ilingane na ukuta. Inapendeza siku hiyo. Lakini ua la mmea huu hutoka kwenye ncha ya shina, hakuna mahali pengine. Shina lililokatwa ncha halitatoa ua kamwe. Litabaki na majani mpaka lizeeke. Mwenye nyumba anakuja kwangu miezi sita baadaye akisema mche niliomuuzia ni wa dume. Hakuna cha dume wala jike. Kanuni ni hii: shina ambalo halijatoa ua usiliguse, na shina lililokwisha kutoa ua likate lote, chini kabisa, karibu na udongo. Kukata katikati hakufai kwa lolote. Kisiki kirefu hujaza maji ya mvua, huoza, na uozo hushuka kwenye tunguu.

Sasa kuhusu ua lenyewe, maana wengi wanaliangalia miaka bila kuliona. Ule wekundu si petali. Ni magamba yaliyopangana kuzunguka kichwa, na kazi yake ni kuita na kulinda. Ua la kweli ni dogo, jeupe, hutokeza katikati ya magamba hayo moja moja na kunyauka upesi, ndiyo maana magamba yanaweza kukaa na rangi kwa wiki nyingi wakati maua yenyewe yanakuja na kupita. Chungulia asubuhi kwa makini: utakuta stameni, yaani kiungo cha kiume cha ua, moja tu yenye chavua, ambapo maua mengi unayoyajua yana tano, sita au zaidi. Stameni nyingine katika ukoo huu zimegeuka umbo, mbili zikaungana kuwa kile kinachoonekana kama mdomo wa ua. Ndege chozi wanalipenda. Ukipanda karibu na dirisha watakuja wenyewe bila kualikwa.

Mbegu usizitegemee. Katika bustani, mmea huu hufunga mbegu kwa nadra sana. Badala yake hufanya jambo ambalo bado linanifurahisha baada ya miaka yote hii: ua likizeeka, watoto huota juu yake, katikati ya magamba, wakiwa na majani yao na vijizizi vyao. Masika ikikolea, kichwa kinalemewa na maji, shina linainama mpaka chini, na wale watoto wanagusa udongo na kushika. Huko kwao, mmea hujisambaza hivyo. Kwao ni visiwa vya magharibi mwa Pasifiki, kuanzia Maluku nchini Indonesia, kupita Papua New Guinea, hadi Visiwa vya Solomon na Vanuatu. Samoa wamelifanya ua la taifa na wanaliita teuila.

Nimetaja kwao kwa sababu maalumu. Sehemu nyingi za huko mvua hunyesha miezi yote, na mmea haukufundishwa kuvumilia kiu. Dar tunao joto, tunao unyevu wa hewa, tunapata mvua ya kama milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka. Tatizo letu ni mpangilio. Masika inamwaga kuanzia Machi hadi Mei, vuli inarudi Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna vipindi viwili vya ukavu: Januari na Februari penye jua kali la kaskazi, na Juni hadi Septemba penye ubaridi kidogo, upepo wa kusi na mvua chache. Kazi ya mkulima wa Dar ni kuziba mapengo hayo mawili.

Basi anza na mahali. Vitabu vingi husema mmea huu unakaa juani, na ni kweli unaweza, ukiwa na maji muda wote. Kwa jiji letu mimi nashauri jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa sita. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri sana. Chini ya mnazi au mpapai panafaa. Chini ya mwembe mkubwa ni giza, utapata majani mengi na maua machache. Jua la mchana kutwa bila maji huunguza kingo za majani na kufifisha wekundu wa magamba. Angalia na upepo. Walioko Kigamboni na kandokando ya bahari hukumbana na kusi lenye chumvi, ambalo huchana majani na kuyakausha ncha. Hao wapande nyuma ya ukuta au nyuma ya kichaka kigumu zaidi.

Usipande ukutani kabisa kwenye nyumba mpya. Hili nalirudia kwa kila mteja. Mafundi humwaga mabaki ya saruji na chokaa hapo hapo chini ya ukuta, na mmea huu unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Penye chokaa, majani machanga hutoka njano huku mishipa ikibaki kijani. Watu huongeza samadi, huongeza maji, na njano haiondoki, kwa sababu madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ni hali ileile wanayoipata wakazi wa maeneo yenye mawe ya matumbawe, mathalani rasi ya Msasani. Dawa yake: sogea mita moja kutoka ukutani, chimba ule udongo mbovu utupe, jaza mwingine. Kama huna pa kusogea, panda kwenye chombo.

Shimo lenyewe liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 40. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni mchanga, maji yanapita tu hayakai. Changanya udongo wa juu sehemu mbili na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri sehemu moja, kisha ongeza mboji au nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa. Samadi iliyooza haina joto ukiishika na hainuki. Mbolea ya kuku mbichi huunguza macho ya tunguu, iache miezi mitatu kwanza. Walio mabondeni penye udongo mzito unaotuama wafanye kinyume cha shimo: wainue tuta la sentimita 20 hadi 30 na kupanda juu yake. Mmea huu unataka maji mengi yanayopita. Maji yanayosimama huuozesha.

Kipando kizuri ni pande la tunguu lenye mashina mawili au matatu na macho yanayoonekana. Kata mashina yabaki sentimita 30 ili yasinyonye maji wakati hayana mizizi. Hapa kukata kunaruhusiwa, maana unatafuta machipukizi mapya. Tumia kisu safi, paka majivu kwenye jeraha, acha likauke kivulini siku moja. Lifukie sentimita tano hadi kumi, macho yakitazama juu. Ukilizamisha zaidi ya hapo kwenye udongo mzito linaoza. Ukiliacha wazi linakauka. Acha mita moja na nusu kati ya kipando na kipando. Itaonekana ni mbali mno mwanzoni, na mteja wangu mmoja wa Tabata alinibishia sana, lakini kichaka hujaza nafasi hiyo chenyewe. Wakati mzuri ni mvua za kwanza za masika, na vuli ni wakati wa pili. Ukipanda Julai inawezekana, ila tunguu linakaa kimya muda mrefu na wewe unakata tamaa bure.

Ukitumia wale watoto wa juu ya ua, ngoja wawe na majani matatu hivi na vijizizi. Wanyofoe taratibu, waweke kwenye viriba vyenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini, nyunyizia kila siku. Hukua polepole kwa miezi ya kwanza. Kipando cha tunguu kikitunzwa vizuri hutoa ua ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Mtoto wa ua atakuchukua karibu miaka miwili. Ila watoto ni bure, na ni wengi.

Maji. Kiangazi, kichaka kilichokomaa kipe ndoo ya lita 20 mara tatu kwa wiki, taratibu, asubuhi mapema au jioni. Kwenye mchanga mtupu ongeza mara ya nne. Kidole ndicho kipimo: choma udongo hadi kifundo cha pili, kama ni mkavu mwagilia. Na uonje maji unayomwagia, nasema kweli, yaonje. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na bahari, vina chumvi, na tangawizi huionyesha haraka: ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia, kisha kingo, kisha jani lote. Kama kisima chako ni cha chumvi, kinga maji ya mvua kwenye tangi, au tumia ya bomba. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia mengi kwa mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku huirundika juu.

Halafu matandazo, ambayo naona yanazidi hata mbolea kwa umuhimu. Watu wa Dar tunapenda kiwanja kilichofagiwa kikabaki udongo mweupe. Chini ya tangawizi usifagie. Acha majani yake yenyewe yaanguke, ongeza makumbi, nyasi kavu au pumba za mpunga, unene wa sentimita tano hadi nane, bila kugusa mashina. Tunguu liko juu juu, jua la Februari linapiga udongo mtupu na kulipika. Penye matandazo, ukifunua adhuhuri utakuta ubaridi na unyevu na nyungunyungu.

Chakula: karai la samadi iliyooza mwanzo wa masika na jingine mwanzo wa vuli. Kati yake, kiganja kimoja cha NPK, mbolea ya chumvichumvi ya dukani, kila baada ya miezi miwili, ukisambaza kuzunguka kichaka na kumwagilia papo hapo. Mimi huacha kabisa mbolea ya chumvichumvi katika miezi ya ubaridi kwa sababu mmea unakua taratibu na mbolea inapotea.

Kwa wanaoishi ghorofani Upanga au Kariakoo: inawezekana. Chagua chombo chenye mdomo wa sentimita 45 au zaidi, kipana kuliko kirefu, kwa sababu tunguu hutanuka kwa ubavu. Toboa matundu ya kutosha chini. Baraza ipate jua kwa muda wa saa tatu au nne kwa siku, na usikose siku ya kumwagilia. Aina yenye magamba ya rangi ya waridi huwa fupi kidogo kuliko nyekundu, inakaa vizuri zaidi kwenye chombo.

Wadudu hawausumbui sana. Adui wa kila siku ni vidung'ata, ule utando mweupe wa pamba unaojificha ndani ya magamba na kwenye makwapa ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa msururu, jua wanawafuga huko juu kwa ajili ya utamu wao. Pigia maji yenye sabuni ya kipande kidogo, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, jioni jua likishatua. Konokono wakubwa wa kwetu hutoka masika na kutafuna machipukizi machanga; waokote kwa tochi. Likinyauka shina ambalo bado halijatoa ua, na udongo una maji, vuta taratibu: likitoka laini lenye harufu mbaya, tunguu limeoza. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike penye rangi safi, toa, choma. Ukikuta mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo, wanaopenda mchanga wetu. Hamishia vipando safi mahali pengine na usipande nyanya wala bamia pale, watazidi.

Kuna wanaopanda ili kuuza kwa wapambaji, na ni biashara ninayoiheshimu kwa sababu ua hili halitaki banda la baridi. Kata asubuhi na mapema. Ngoja magamba yafunguke theluthi mbili, maana likishakatwa haliendelei kufunguka. Kata chini kabisa, upate shina refu na wakati huohuo uwe umesafisha kichaka. Ondoa majani yote isipokuwa moja au mawili ya juu. Zamisha kichwa kizima kwenye maji yenye sabuni kidogo, sisimizi watoke, kisha suuza na uliache likilala kwenye maji safi nusu saa. Magamba nayo hunywa. Ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili na kupunguza mwisho wa shina, litakaa mezani wiki moja hadi mbili. Usiweke kwenye friji. Hili ni ua la joto, chini ya nyuzi 12 hivi magamba huanza kuwa meusi, na mpambaji atakurudishia mzigo wote.

Wengine wakishaipenda hii huuliza ndugu zake. Tangawizi ya mwenge, Etlingera elatior, ni kubwa sana, na maua yake hutoka ardhini kwa kikonyo chake mbali na mashina ya majani, basi angalia unapokanyaga. Malaysia na Indonesia hukata tumba zake wakapikia. Tangawizi nyeupe, Hedychium coronarium, ua la taifa la Cuba, hunukia jioni mpaka ukachanganyikiwa, inapenda maji kuliko zote, na isipandwe karibu na mto kwa sababu katika nchi kadhaa imetoroka bustanini na kuziba kingo za mito. Ile ya maua yanayoning'inia, Alpinia zerumbet, hutoa ua kwenye mashina yaliyovuka mwaka, kwa hiyo anayekata kila kitu Desemba ili kusafisha uwanja kwa sikukuu hataona ua.

Baada ya miaka mitatu au minne, kichaka chako kitaanza kutoa mashina membamba na vichwa vidogo, na katikati patabaki pakavu, maana matunguu yamebanana na machipukizi yote yanakimbilia pembezoni. Hapo mvua za kwanza za masika zikinyesha, chimba upande mmoja kwa sepetu, nusu ya kichaka kwa mwaka huu na nusu mwaka ujao ili usikose maua kabisa. Tupa ya katikati yaliyozeeka, chagua ya pembeni yenye macho, jaza samadi mpya kwenye shimo na urudishe mawili. Yaliyobaki mpe jirani, na umweleze pale pale kwamba ua likikauka asiling'oe.